Ikishaingia Sufuriani Haitoki: Waraka wa Chumvi kwa Mama Lishe na Baba Lishe

Kutoka: Katibu wa Chama
Kwa: Wanachama wote, viongozi wa vikundi na wasaidizi wa jikoni
Yah: Kupunguza chumvi tunayotia sufuriani

Ndugu wanachama,

Waraka huu unahusu chumvi. Ombi lake ni moja, na nalitaja mwanzoni ili hata yule atakayeitwa na mteja kabla hajafika mwisho awe amelipata: tupike kwa chumvi kidogo, na anayetaka zaidi aongeze mwenyewe kwenye sahani yake.

Sababu nayo ni moja. Chumvi haipandishi presha ya kila mtu kwa kiasi kilekile. Yuko anayekula chumvi nyingi na presha yake ikasogea kidogo tu, na yuko ambaye kiasi hichohicho kinampeleka mahali pa hatari. Wote wawili wanakaa kwenye benchi moja, wanakula kutoka sufuria moja, na kwa macho hakuna awezaye kuwatofautisha. Aliyepewa chumvi kidogo anaweza kuongeza. Aliyezidishiwa hana la kufanya, kwa kuwa chumvi ikishaingia sufuriani haitoki.

Kwa nini jambo hili ni letu

Daktari humwambia mgonjwa wa presha apunguze chumvi. Mgonjwa anaitikia, anatoka, na saa saba mchana yuko kwetu. Hajui tumetia kiasi gani. Dereva wa bodaboda anaweza kunywa supu na chapati asubuhi, akala wali maharage mchana na chipsi usiku, na siku nzima asiwe ameshika chumvi kwa mkono wake. Mkono uliomtilia ni wetu. Kwa hiyo ushauri aliopewa kliniki, utekelezaji wake uko jikoni kwetu.

Na watu hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, na karibu mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu. Kwenye benchi la watu wanane, hao ni wawili. Wengi wao hawajijui, maana presha haiumi wala haiwashi. Mtu anabeba mizigo, anacheka, analipa na kuondoka, huku mishipa yake ikichakaa mwaka baada ya mwaka. Siku inapojitokeza huja kama kiharusi, moyo kushindwa kazi, au figo kuacha kuchuja. Kila mmoja wetu anamfahamu mteja aliyepooza upande mmoja akiwa bado na watoto wa kusomesha.

Madaktari huhesabu kuwa mtu ana presha ya juu pale kipimo chake, kikirudiwa siku tofauti, kinapofika 140 kwa 90 au kupita hapo. Lakini madhara hayaanzi ghafla kwenye namba hiyo. Kadiri presha inavyokuwa juu ndivyo hatari inavyoongezeka, hata kwa mtu ambaye hajaitwa mgonjwa.

Chumvi inavyoipandisha presha

Chumvi ya jikoni imeundwa na sodiamu na kloridi. Sodiamu ikiingia kwenye damu huvuta maji na kuyashikilia. Damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ileile, na presha inapanda. Kazi ya kurudisha mambo sawa ni ya figo, ambazo hutoa sodiamu iliyozidi kwenye mkojo pamoja na maji yake.

Hapa ndipo watu wanapoachana. Mnakijua kifumbu cha kukamulia nazi: kilicho wazi, ukiminya kidogo tu tui linashuka; kilichoziba hakitoi kitu mpaka ukikamue kwa nguvu zako zote. Figo ziko hivyo. Zipo zinazotoa chumvi ya ziada bila taabu, presha ikiwa palepale. Zipo nyingine ambazo hazitoi kiasi hichohicho mpaka damu izisukume kwa nguvu zaidi, yaani mpaka presha ipande. Mtaalamu wa Marekani Arthur Guyton alitumia miaka mingi kuonyesha uhusiano huu wa figo, chumvi na presha, na kazi yake bado inafundishwa katika vyuo vya udaktari.

Mishipa nayo ina mchango wake. Mishipa laini hutanuka ikaipokea damu iliyoongezeka. Iliyokakamaa kwa umri, kwa kisukari au kwa sigara haitanuki, na presha inaruka. Kisha ziko homoni zinazoziamuru figo zihifadhi chumvi au ziiachie, na homoni hizi hazifanyi kazi kwa nguvu sawa katika kila mwili. Wapo pia watu wachache waliozaliwa na hitilafu ya kurithi inayozifanya figo zao zing'ang'anie chumvi kupita kawaida.

Wale ambao presha yao huifuata chumvi kwa ukaribu, ikipanda nayo na kushuka nayo, katika waraka huu nitawaita watu wepesi wa chumvi.

Walivyopimwa watu na yaliyoonekana

Mwaka 1986 daktari Myron Weinberger na wenzake wa Indiana, Marekani, walichapisha matokeo ya kipimo kilichofanywa kwa watu mia kadhaa. Kila mtu alijazwa maji ya chumvi kupitia mshipa, kisha siku iliyofuata akanyimwa chumvi na kupewa dawa ya kuitoa mwilini, huku presha ikipimwa hatua kwa hatua. Kati ya waliokuwa tayari na presha ya juu, 51 katika kila 100 walikuwa wepesi wa chumvi. Kati ya waliokuwa na presha ya kawaida, walikuwa 26 katika kila 100.

Tuitazame hiyo namba ya pili. Robo ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa presha walikuwa na miili inayoifuata chumvi. Weinberger aliwafuatilia watu wake kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2001 akaeleza kwamba wale wenye presha ya kawaida lakini wepesi wa chumvi walikufa mapema kuliko wenzao ambao chumvi haikuwagusa. Kipimo kizuri cha leo hakikuwakinga.

Mwaka huohuo wa 2001 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowalisha watu 412 vyakula vilivyopikwa na watafiti wenyewe, kwa ngazi tatu za chumvi, kila ngazi siku 30. Chumvi iliposhuka, presha ilishuka. Ilishuka kwa wenye presha ya juu na kwa wasiokuwa nayo, kwa weusi na kwa weupe, kwa wanawake na kwa wanaume. Lakini haikushuka sawa. Walionufaika zaidi ni waliokuwa na presha tayari, Wamarekani weusi, na waliopita miaka 45. Jambo jingine lilijitokeza ambalo sisi wapishi tulishike: kundi lililokuwa likila mboga na matunda kwa wingi halikuathiriwa na chumvi kama kundi lililokula chakula cha kawaida cha Marekani.

Na mwaka 2023 yakachapishwa matokeo kutoka Chicago na Birmingham, Alabama. Watu 213 wa miaka 50 hadi 75 walikula wiki moja chakula chenye chumvi nyingi na wiki moja chakula chenye chumvi kidogo sana. Karibu watatu kati ya kila wanne presha yao ilikuwa chini katika wiki ya chumvi kidogo, na kwa wastani namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, ilipungua kwa 8. Punguzo la namna hiyo linakaribia lile linaloletwa na kidonge cha presha, na lilionekana hata kwa waliokuwa wakimeza vidonge. Pamoja na hayo, mmoja kati ya wanne hakushuka.

Tukiyaweka matokeo haya pamoja tunaona kwamba watu hawakugawanyika makundi mawili, la wanaodhurika na la wasiodhurika. Ni mstari mrefu na kila mtu ana mahali pake. Mahali hapo hapadumu. Umri unamsogeza mtu, unene unamsogeza, kisukari na ugonjwa wa figo vinamsogeza mbali sana, na wanawake wengi husogea wakishakoma hedhi. Kijana wa miaka 22 anayemwagia chipsi zake chumvi leo bila kudhurika si lazima awe hivyo akifika 50, na akifika huko atakuwa na mazoea ya miaka mingi ya kuacha.

Wala hakuna kipimo cha haraka kwenye zahanati kinachomwambia mtu yuko wapi kwenye mstari huo. Kumpima kunataka siku kadhaa za chakula kilichopimwa na mkojo uliokusanywa. Kwa hiyo mteja mwenyewe hajui. Akikwambia "mama, mimi chumvi hainidhuru," anasema kwa nia njema, lakini hana alichopimia.

Je, ni damu yetu?

Wapo waliosikia kwamba watu weusi wa Marekani huathirika zaidi na chumvi, wakakata tamaa wakidhani presha tumeandikiwa. Tusikubali. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walichapisha ulinganisho wa watu wazima wenye asili ya Afrika Magharibi wanaoishi sehemu tatu za dunia. Waliobaki Afrika Magharibi, 16 katika kila 100 walikuwa na presha ya juu. Walioko visiwa vya Karibi walikuwa 26. Walioko Marekani walikuwa 33. Asili yao ilikuwa moja, na kilichobadilika ni maisha: uzito wa mwili, kazi, mahangaiko, na chakula chenye chumvi.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa majirani zetu wa Kenya. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha za waliohamia mjini zilikuwa zimepita za waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema, miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulieleza sehemu ya sababu: sodiamu ilikuwa imepanda na potasiamu, ile ya mboga, matunda na viazi, ilikuwa imeshuka. Uzito na mapigo ya moyo vilichangia pia, na watafiti hawakuvificha. Lakini sisi tunaowalisha vijana wanaoshuka na mabasi kutoka mikoani tujue kwamba katika miezi hiyo ya mwanzo, chakula chao kikubwa ni chetu.

Na tujue pia kwamba presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka si sheria ya kuzaliwa nayo. Katika utafiti wa kimataifa wa INTERSALT wa mwaka 1988, uliopima zaidi ya watu 10,000 katika vituo 52 duniani, Wayanomami wa misitu ya Brazili, ambao karibu hawatumii chumvi kabisa, walikuwa na namba ya juu ya presha iliyo chini ya 100 kwa wastani, na wazee wao hawakutofautiana sana na vijana wao. Kituo cha Kenya kilichoshiriki, cha watu wa kijijini, nacho kilikuwa miongoni mwa vile vinne vyenye chumvi kidogo na presha ya chini.

Maneno tunayoyasikia vibandani

*"Nikipunguza chumvi mteja atahamia kwa jirani."* Hofu hii ni ya kweli kwa mtu anayeishi kwa mauzo ya siku, ndiyo maana ombi ni letu sote kwa pamoja na kwa hatua. Ulimi huzoea. Mtu aliyepunguziwa chumvi taratibu, baada ya wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu, huanza kukiona chakula cha zamani kuwa kimezidi. Uingereza walipunguza chumvi kwenye mkate kwa karibu sehemu moja ya tano katika miaka 10 kuanzia 2001, kidogo kidogo, na watu waliendelea kununua mkate. Afrika Kusini waliweka sheria ya kiwango cha juu cha chumvi kwenye mkate, soseji, vitafunwa na viungo vya supu, nayo ikaanza kutumika mwaka 2016. Anayepunguza kwa siku moja atasikia malalamiko. Anayepunguza kwa miezi mitatu hatayasikia.

*"Mbeba mizigo anatoka jasho, anahitaji chumvi."* Jasho linatoa chumvi, ni kweli. Lakini mwili unaofanya kazi juani kila siku hujifunza kutoa jasho lenye chumvi kidogo, na chakula cha kawaida kinarudisha iliyopotea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nacho ni kijiko cha chai kisichojaa sana, kwa kuhesabu chumvi yote: ya mkate, ya supu, ya mboga na ya kachumbari. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Mbeba mizigo anachokikosa zaidi kwetu ni maji safi ya kunywa. Tumpe jagi la maji.

*"Chumvi yenye madini joto ni dawa, tukipunguza watu watapata rovu."* Madini joto ni ya lazima, na yeyote anayenunua chumvi isiyo nayo kwa sababu ni rahisi aache. Lakini madini hayo yanahitajika kwa kiasi kidogo, na Shirika la Afya Duniani linataka mambo mawili yaende pamoja: chumvi iwe kidogo, na hiyo kidogo iwe na madini joto. Tuihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko, na tuitie chakula kikikaribia kuiva ili madini yasipotee kwa moto mrefu.

*"Ana vidonge vyake, atameza."* Vidonge na chumvi nyingi vinavutana. Dawa inashusha, chumvi inapandisha. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2009, watu 12 ambao presha yao ilikataa kushuka hata kwa dawa tatu na zaidi walipewa chakula chenye chumvi kidogo kwa wiki moja, na namba yao ya juu ikawa chini kwa zaidi ya 20 kuliko walipokula chumvi nyingi. Hili lisimfanye mteja aache dawa. Nasi tusimshauri mtu aache wala abadilishe dawa. Kazi yetu ni kuhakikisha chakula chetu hakipingani nazo.

*"Mimi nimekula chumvi maisha yangu yote na presha yangu ni nzuri."* Huenda ni kweli, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mwili wa mpishi si kipimo cha miili ya watu 40 anaowalisha.

Mboga, matunda, na chumvi mbadala

Potasiamu inazisaidia figo kuitoa sodiamu na inailegeza mishipa. Ipo kwenye vitu tunavyoviuza: maharage, kunde, mchicha, tembele, kisamvu, ndizi, viazi vitamu, parachichi, machungwa, maji ya dafu. Sahani yenye mboga ya maana na kipande cha tunda inaipunguzia chumvi makali yake. Mboga isiwe pambo la ukingoni mwa sahani. Iwe upawa kamili.

Lakini hapa pia watu hawafanani. Mgonjwa wa figo anaweza kudhuriwa na potasiamu nyingi, kwa sababu figo zake haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Mteja akisema daktari amemkataza ndizi au dafu, tumwamini na tumpe alichoruhusiwa.

Kwa sababu hiyohiyo tuwe waangalifu na chumvi mbadala zinazoanza kuonekana madukani, ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Faida yake imeonekana. Nchini China, katika vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na zaidi na presha ya juu walifuatiliwa kwa takriban miaka 5, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu ya waliotumia ya kawaida. Ila wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa katika jaribio hilo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 kuhusu chumvi hizi nao haukuwahusisha watoto, wajawazito, wala wenye matatizo ya figo. Anayetaka kuitumia nyumbani aulize kliniki kwanza. Kwenye sufuria ya biashara tusiitie, maana hatujui nani atakula.

Hesabu ya sufuria

Tuweke vipimo, kwa kuwa "kidogo" ya mmoja ni "nyingi" ya mwingine.

Ikiwa mteja anastahili gramu 5 kwa siku, na mlo wa mchana ni mmoja kati ya mitatu, basi sahani yake nzima, yaani wali, maharage, samaki, mboga na kachumbari kwa pamoja, isipite gramu 1.5 hivi. Kwa sahani 40 hiyo ni gramu 60, sawa na vijiko vya chai 10 hadi 12 kwa masufuria yote. Maana yake ni kwamba anayeuza sahani 40 kwa siku, pakiti yake ya nusu kilo inapaswa kukaa siku 8. Ikiisha siku ya tatu, kila sahani yake imebeba zaidi ya gramu 4, na mteja amekaribia kumaliza chumvi ya siku nzima kwa mlo mmoja.

Hesabu hiyo haijagusa chumvi iliyojificha. Vidonge vya supu na mchuzi mix vingi vina chumvi inayokaribia nusu ya uzito wake. Anayevitumia pamoja na chumvi anatia mara mbili. Ng'onda na papa mkavu huja na chumvi yake. Tuviloweke, tumwage maji, ndipo tupike, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Magadi ya kulainishia maharage na baking powder navyo vina sodiamu. Maharage yakilowekwa tangu usiku hulainika bila magadi na mkaa unapungua. Soseji, mkate, sosi ya soya na tomato sosi vyote vihesabiwe.

Ladha ina njia nyingi. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga, giligilani, hoho, tui zito la nazi: mpishi anayejua kazi yake ataviweka mbele na chumvi ataiweka nyuma.

Tunayoombwa kufanya

1. Kila mwanachama aandike kwenye pakiti ya chumvi tarehe aliyoifungua na tarehe iliyoisha, pamoja na idadi ya sahani alizouza kwa siku. Aanze na pakiti ijayo.

2. Chumvi itiwe kwa kijiko kimoja kilekile, kisawazishwe juu. Kutia kwa kiganja kukome, hata kwa mpishi wa miaka 30.

3. Tupunguze robo ya kiasi cha sasa, tukae nacho wiki tatu, kisha tupunguze robo nyingine, mpaka tukaribie hesabu ya hapo juu.

4. Anayetumia kidonge cha supu au mchuzi mix asitie chumvi kwenye sufuria hiyo kabla ya kuonja.

5. Kopo la chumvi liondoke mezani. Mteja akiomba apewe bila kununiwa wala kuhubiriwa. Ni haki yake na ni mwili wake.

6. Chipsi na mihogo viuzwe bila chumvi, na mteja aulizwe kama atatia.

7. Mteja akisema ana presha, kisukari au figo, tumwekee mboga na maharage yaliyotolewa kabla ya chumvi kutiwa, isipokuwa vile alivyokatazwa na daktari. Kibakuli kimoja cha pembeni kinatosha.

8. Kila mmoja wetu akapime presha kabla ya mkutano ujao, pamoja na wasaidizi wake. Tunakaa kwenye moshi na moto, tunaonja chumvi siku nzima, na wengi wetu tumepita miaka 45. Sisi pia tuko kwenye benchi hilo. Aliye mjamzito afuate maelekezo ya kliniki yake.

Viongozi wa vikundi wapite kibanda kwa kibanda kueleza, hasa kwa wenzetu wasiosoma, na kwa wasaidizi ambao ndio hasa wanaotia chumvi asubuhi wakati mwenye biashara yuko sokoni.

Ndugu zangu, mteja hutuamini kwa jambo asiloweza kulikagua. Anaona sahani ni safi na wali ni wa moto, ila chumvi iliyomo hawezi kuiona, na jinsi mwili wake utakavyoipokea hajui yeye wala sisi. Kwa kuwa hatujui, tumpikie kila mtu kama ndiye yule mwepesi wa chumvi. Mwenye mwili mgumu hatapoteza kitu. Ataomba chumvi na atapewa. Mwenye mwili mwepesi atarudi kwetu kesho, na mwaka kesho.

Pakiti zilizoandikwa tarehe ziletwe kwenye mkutano ujao. Tutazisoma pamoja, kikundi kwa kikundi, na hapo ndipo tutakapojua tumefika wapi.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama